Miezi miwili napoteza tu kwenye poka: ni mkosi ao ni mimi?

SWALI: "Yaya, jambo. Miye nakaa Katuba, hapa Lubumbashi, niko na bibi na batoto batatu, nafanyaka kazi mu kampuni moja yenye kutumikia bamine, banatulipaka dola 450 kwa mwezi. Kila siku ya posho (Jumamosi) mangaribi tunachezaka poka batu saba kwa rafiki moja, blindi 500 na 1000 (makuta ya lazima yenye batu babili banaweka kila mugao mbele ya kuona karata), kava 100 000 (makuta ya kununua jetoni juu ya kuingia). Mwenye nyumba anakataka 5% ya kila poti (makuta yote yenye kuwekwa kati ya meza) juu ya bière na mazuti ya jenereta. Mwaka yote niko nacheza bien, lakini hii myezi mbili bintu biliharibika. Wiki ine za kwanza nilipoteza 200 000, kisha wiki ine za nyuma ingine 500 000. Nilishakamata mpaka makuta ya minervali (ya masomo ya batoto), transhi ya pili, bibi hayue. Moja wa ku kazi anasema niko na mukosi, niende banifungue. Mwingine anasema nikope Bank Lambert dola 200 nirudishe byote, ao nianze kucheza mu telefone juu inaendaka mbio. Ba professionnel banafanyaka je kama banapoteza? Na mutu wa kuchezea furaha tu ka miye, makuta atachunga namna gani?"

JIBU:

Mudogo, aksanti kwa kuandika na namba zake. Wengi wananiandikia "nimepoteza sana" alafu basi, sasa sana ni ngapi, kwenye blindi gani, kwa masaa mangapi, mtu hata hujui uanzie wapi. Wewe umeleta kila kitu na ndo maana naweza kukuambia jambo ambalo pengine hutapenda kulisikia: ile 200 000 ya kwanza inaweza kabisa kuwa ni karata tu zilikukataa, lakini ile 500 000 ya nyuma si karata. Nitakuonyesha hesabu yake, ila kwanza tuondoe hii habari ya mkopo maana ina haraka.

Bank Lambert hapana. Kwa wasomaji wasioishi Kongo, ndo jina tunaita mtu wa mtaani anayekopesha bila karatasi za benki, unachukua 200 leo, mwezi ukiisha unarudisha 300, na usipokuwa nazo ile riba inazaa riba nyingine na siku moja anakuja kubeba televizyo. Sasa weka hiyo kando ya poka yenyewe. Mchezaji mzuri kwenye meza ka yenu, na nikisema mzuri namaanisha yule anayewashinda wenzake mwaka kwa mwaka hata baada ya kukatwa zile 5%, akipata blindi kubwa 5 kwa kila migao 100 huyo mpigie saluti. Mezani watu saba wanaongea, wanakunywa, wanabishana juu ya Mazembe na Lupopo, mnagawa karata labda mara 25 kwa saa, masaa matano ni migao 125, mwezi mzima ni migao 500. Kwa hiyo mchezaji mzuri anavuna blindi 25 kwa mwezi, yani 25 000 franka, yani karibu dola kumi. Dola kumi! Na yule wa Lambert anasubiri 100 juu ya zile 200 zake. Hata ungekuwa wewe ndo fundi kuliko wote Katuba nzima, meza hiyo haiwezi kulipa hiyo riba, hakuna namna, isipokuwa karata zikubebe kwa nguvu ndani ya wiki nne, na karata hazijui tarehe ya deni lako.

Haya sasa twende kwenye mfululizo wa kupoteza wenyewe.

Watu wengi wanaocheza kwa raha hawana picha ya namna bahati inavyoweza kuvuta mtu chini muda mrefu. Wanajua kwamba asi mbili ni karata kali, ila hawajui kwamba asi mbili mkononi zinakuja wastani mara moja kwa migao 221, maana yake kwa mwendo wenu unaweza kucheza Jumamosi mbili nzima bila kuziona hata mara moja, na hiyo inatokea karibu mara moja kwa kila tatu, si ajabu yoyote. Alafu zikija, mwenzako ana rwa mbili (wafalme), mnaenda tapi wote (mnaweka jetoni zote kati) kabla ya flopu, zile karata tatu za kwanza za wazi mezani, wewe unashinda mara 82 kwa 100. Inaonekana nyingi lakini igeuze: karibu mara moja kwa tano unapigwa na hujakosea chochote. Ukiwa na pare ndogo mkononi (karata mbili za namba moja) unategemea ya tatu ishuke kwenye flopu, inashuka karibu mara moja kwa nane na nusu. Ukiwa na asi na rwa, flopu inakunyima kabisa mara mbili kwa tatu. Poka ni hivyo, sehemu kubwa ya usiku ni kukosa, na mtu akikaa wiki nne anakosa anaanza kuona ni yeye peke yake kwenye meza, kumbe wote wanakosa ila kila mtu anahesabu za kwake.

Sasa chukua wachezaji 100, wote wazuri wa ile blindi 5 kwa migao 100 nilisema. Waache wacheze Jumamosi nane ka wewe, migao 1000. Kwa kipimo cha kawaida cha kupanda na kushuka kwenye hii poka isiyo na mpaka wa dau (blindi 80 hivi kwa kila migao 100), karibu 42 kati yao watakuwa wamepoteza. Arobaini na wawili! Wanajua kucheza na wamepoteza miezi miwili. Na sasa geuza upande wa pili, huu ndo watu hawapendi: chukua wabovu 100 wanaopoteza kwa kiasi kilekile, baada ya Jumamosi nane 42 wao watakuwa wanahesabu faida na kununulia watu chupa. Ukienda mpaka migao 10 000, ambayo kwenu ni Jumamosi 80, yani mwaka na nusu na zaidi, bado mmoja kwa kila wazuri wanne atakuwa chini. Kwa hiyo ukiniambia "mwaka yote nacheza bien" mimi nakusikia, nakuheshimu, lakini mwaka moja wa Jumamosi ni migao kama 6000, haitoshi kukuambia wewe ni mchezaji gani. Inawezekana ulikuwa mzuri. Inawezekana pia ulikuwa wa kawaida na mwaka ulikubeba, na hii miezi miwili inakurudisha mahali pako.

Sasa angalia namba zako. Wiki nne za kwanza, chini 200 000, yani blindi 200 kwa migao 500. Kwa mchezaji mzuri hilo linatokea kwa mmoja kati ya kumi hivi. Inauma ila ni kawaida, kwenye meza ya watu saba kila wakati kuna mmoja yuko kwenye hali hiyo na safari hii ni wewe. Wiki nne za nyuma, chini 500 000 kwa migao ileile 500. Hapo tunaongea watu wawili kwa elfu moja. Na hata nikikubali meza yenu ni ya fujo, watu wanaweka kila kitu ndani bila kuangalia, haifiki zaidi ya mmoja kwa mia. Karata za wiki ya tano zilikuwa ni zilezile 52 za wiki ya kwanza. Kilichobadilika ni mtu anayezishika.

Na nadhani najua ilikuaje, sikuwepo ila nimeona wengi. Wiki nne za kwanza ulikuwa unapoteza nusu ya kava kwa usiku, unaenda kulala. Kisha ukaanza kununua kava ya pili usiku uleule, labda na ya tatu, juu haiwezekani kurudi nyumbani mkono mtupu tena. Alafu pesa ikawa ya minervali. Na mtu anayecheza na pesa ya minervali anacheza vibaya kwa namna mbili zinazopingana: saa za kwanza anaogopa, anatupa karata nzuri mtu akipandisha kidogo tu, haweki blafu hata moja (kujifanya ana karata kali), jetoni zinayeyuka polepole, alafu saa sita usiku anaona ako chini 80 000 na anaenda tapi na karata nne za rangi moja anasubiri ya tano, ambayo kutoka flopu mpaka riva, karata ya mwisho ya mezani, inakuja mara 35 kwa 100, na anajua inakuja mara 35 kwa 100, lakini anaenda.

Kwa nini anaenda? Wataalamu wawili wa saikolojia, Daniel Kahneman na Amos Tversky, waliandika juu ya hili mwaka 1979, na Kahneman akapewa Nobel ya uchumi 2002 kwa kazi za namna hiyo. Walionyesha kwamba kupoteza kunauma kuliko kupata kilekile kunavyofurahisha, karibu mara mbili, na zaidi ya hapo, mtu aliye kwenye hasara anakubali hatari ambazo asingekubali akiwa kwenye faida. Ndani ya kichwa chake kurudi kwenye sifuri kunakuwa ndo ushindi. Wachezaji wa poka wanaita hali hiyo tilti. Wengi wanafikiri tilti ni kupiga meza na kutukana mgawa karata, hapana, ile ya kimyakimya ndo mbaya zaidi, mtu ametulia, anatabasamu, na kichwani anapiga hesabu ya kiasi gani kimebaki ili atoke sawa. Ukijikuta unahesabu hiyo kitu katikati ya mgao, usiku wako umeisha, simama.

Kuhusu mkosi nitaongea kidogo tu. Kuomba ni juu yako na Mungu wako, mimi siingii hapo. Lakini usilipe mtu yeyote hata franka moja akufungue, maana hesabu ndo hiyo umeiona, wiki nne za kwanza hazihitaji mchawi. Na upande wa pili wa mkosi ni ule wa "sasa bahati lazima irudi", ni ndugu mmoja. Tarehe 18 Agosti 1913 kwenye kazino ya Monte Carlo mpira wa ruleti uliangukia kwenye nyeusi mara 26 mfululizo, na watu walimwaga pesa kwenye nyekundu kila raundi wakisema sasa imetosha lazima ibadilike, wakafilisika pale. Karata zikichanganywa vizuri hazina kumbukumbu. Hazikudai, na wewe huzidai.

Kitu kingine ambacho umekiandika ka jambo dogo na mimi nimekisoma mara mbili: zile 5%. Piga hesabu. Tuseme poti zenu wastani ni 15 000, 5% ni 750. Mara 25 kwa saa, mara masaa matano, ni karibu 94 000 kila Jumamosi inatoka mezani, karibu kava nzima inaenda kwenye bière na mazuti. Gawanya kwa watu saba, ni zaidi ya 13 000 kila mmoja. Kwa hiyo mkiwa wote sawasawa kwa ujuzi, kila mtu anapoteza 13 000 kwa usiku bila kufanya kosa lolote, na kwa wiki zako nane hiyo ni zaidi ya 100 000 kati ya zile 700 000. Simlaumu mwenye nyumba, jenereta hainywi maji, na kazino za mjini nazo zinakata yao. Ila bora muongee awe anachukua kiasi kimoja kwa usiku, kila mtu 5000 mlangoni na imekwisha, mtaona tofauti. Nadhani hata yeye atapenda, hatahangaika kukata kila poti.

Haya, mapro wanafanyaje. Wale wanaoishi kwa poka wanaweka kando pesa ya kazi tu, wengi wanasema kava 20 mpaka 30 kwa meza za kawaida, na kwa matornwa (mashindano) hata viingilio 100, juu kwenye tornwa unaweza kukosa kulipwa mara nyingi sana kabla ya kugusa kitu kikubwa. Zikipungua wanashuka kwenye blindi ndogo bila aibu, zikipanda wanapanda polepole. Na hata hao wanafilisika. Stu Ungar wa New York alishinda ubingwa wa dunia wa poka Las Vegas 1980, 1981 na tena 1997, wengi wanasema hajawahi kutokea mwenye kipaji cha karata ka yeye, na Novemba 1998 alikutwa amekufa kwenye chumba cha moteli hukohuko Las Vegas, miaka 45, hana kitu. Alichopata kwenye karata alikipeleka kwenye farasi, kwenye pari ya michezo (kubeti) na kwenye dawa za kulevya. Namtaja juu nakuuliza kitu ambacho hukukiandika: ukitoka mezani Jumamosi, Jumapili unaweka pari ya mupira? Kama ndiyo, iandike kwenye hesabu hiyohiyo, usiitenganishe.

Lakini hiyo kanuni ya kava 20 si yako, na hapa njo watu wa kucheza kwa furaha wanapotea wakisikiliza mapro. Kava 20 kwenye meza yenu ni milioni mbili, inakaribia mishahara yako miwili, huna na hupaswi kuwa nayo imekaa inasubiri karata wakati watoto watatu wanasoma. Pro anahitaji akiba kubwa juu akiishiwa amepoteza kazi. Wewe ukiishiwa, tarehe thelathini mshahara unakuja. Kwa hiyo swali lako ni rahisi kuliko lake: kwa mwezi naweza kulipa kiasi gani kwa raha hii, nikijua haitarudi? Ka vile mtu anavyolipa tiketi kuingia uwanja wa Mazembe kule Kamalondo, timu ikifungwa haendi mlangoni kudai pesa yake.

Toa kwenye 450 nyumba, chakula, minervali, umeme na maji, transporti, likelemba (upatu), na ile ya matanga na mgonjwa ambayo kila mwezi inakuja hata usipoiita. Kilichobaki tuseme ni 80. Sikuambii uweke yote, weka nusu, 40. Zigeuze franka siku ya mshahara, weka kwenye bahasha, na bahasha ndo mwisho. Dola 40 zinakaribia kava moja ya meza yenu, si zaidi. Kwa hiyo una njia mbili. Moja, unacheza Jumamosi mbili kwa mwezi badala ya nne, na unanunua nusu kava, blindi 40 ao 50. Wengine watakucheka, waache, kucheza na jetoni chache si ubovu, maamuzi yanakuwa rahisi zaidi na usiku mmoja hauwezi kukumaliza. Mbili, na hii mimi naipenda zaidi, uwaombe mfungue meza ya blindi 100 na 200, kava 20 000. Nina hakika kwenye watu saba hauko peke yako uliyechomoa pesa ya nyumbani, kuna wengine wawili wanasubiri mtu aseme kwanza.

Ukienda, nenda na pesa ya mkononi ileile uliyoikata na ya taksi ya kurudi, na telefone yenye M-Pesa ao Airtel Money iache nyumbani, ao uende na laini ya simu ambayo haina pesa. Hii inaonekana ya kitoto lakini kava ya pili na ya tatu siku hizi haitoki mfukoni, inatoka kwenye simu, saa saba usiku, vidole vitatu na imeingia. Na waambie wote kabla ya kukaa kwamba humkopi mtu na mtu asikukope mezani. Kusema mapema ni rahisi, kukataa wakati jetoni zimeisha na rafiki amekunyooshea noti ni kitu kingine kabisa.

Niseme ukweli juu ya hii kanuni ya kava moja basi: kihesabu haibadilishi chochote, mgao wa kesho ni uleule na wa leo. Tunaiweka juu ya kichwa chako, maana namba zako zinaonyesha kwamba kava yako ya pili inachezwa na mtu mwingine. Ile kanuni ya upande wa pili, ya kusimama ukishapata kiasi fulani, hiyo mimi siithamini sana. Ka unapata, hujachoka, na walio mbele yako wamekunywa kuliko wewe, kaa. Ila hata hapo ujue saa ya kutoka, Jumatatu kuna kazi.

Alafu daftari. La karatasi ao kwenye simu, sawa tu. Tarehe, masaa, uliingia na ngapi, ulitoka na ngapi, chupa ngapi, na mstari mmoja juu ya hali yako, ulikuwa umelala, umegombana, ulikuwa na homa. Kisha chagua migao miwili ao mitatu iliyokuchukulia pesa nyingi zaidi na ujiulize swali moja tu: wakati pesa yangu inaingia kati, nilikuwa mbele ao nyuma? Ulikuwa na asi mbili dhidi ya rwa mbili, funga daftari ukalale, hakuna cha kutengeneza. Lakini ka unakuta unaandika "nilitaka kuona ana nini" mara tatu kwa usiku, hapo umepata shimo lenyewe, na shimo hilo linazibika bure. Mimi naamini daftari kuliko kumbukumbu ya mchezaji yeyote, hata mzuri, kumbukumbu inahifadhi riva mbaya na kusahau zile ambazo na wewe ulipata bila kustahili.

Telefone kwanza isahau. Kwenye intaneti meza moja inagawa mara 60 mpaka 80 kwa saa, ukifungua mbili umefika 150, yani Jumamosi yako nzima inaisha kwa dakika hamsini. Inaenda mbio kweli, na kupoteza nako kunaenda mbio. Na watu wa kwenye blindi za senti moja na mbili huko wanacheza kwa kubana kuliko rafiki zako wa bière. Siku moja ukitaka kujifunza, meza hizo kava yake ni dola mbili, shule ya bei nafuu, lakini si mahali pa kurudisha deni. Na sisi hapa na umeme wetu, uko tapi kwenye turni (karata ya nne ya mezani) na mtaa mzima unazima na antena ya mtandao inalala nao, loo.

Sasa minervali. Hapa naongea ka mkubwa wako. Mwambie mkeo, wiki hii, kabla shule haijawarudisha watoto nyumbani na akajua kwa njia hiyo. Sikuambii juu ya uadilifu tu, kuna na sababu ya mezani: siri ina tarehe, na tarehe ndo inakufanya ulazimishe. Mtu anayepaswa kuwa ameshinda 300 000 kabla ya tarehe 15 hawezi kutupa karata mbaya. Ukishasema, tarehe inabaki kuwa ya kutafuta pesa kwa njia ya kawaida: nenda shuleni uombe transhi igawanywe, shule nyingi zinakubali ukienda mwenyewe kabla hawajakuita, omba masaa ya ziada kazini, na kwenye likelemba omba kubadilishana zamu na mtu, na mwaka ujao panga zamu yako iangukie mwezi wa kulipa shule. Mpaka pengo hilo lizibwe bahasha ya poka ni sifuri. Si ndogo, sifuri.

Na ukiona umeamua hivyo, umemwambia mama watoto, na bado Jumamosi jioni mwili unavuta, unatafuta uongo wa kutokea nyumbani, unauza kitu, hapo tumetoka kwenye habari za kava na blindi. Kucheza kamari kusikozuilika kumo kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo linalotumika tangu 2022, liko pamoja na ulevi, na watu wanatibiwa. Kuna daktari wa mambo ya akili, kuna padri ao mchungaji mwenye akili timamu, kuna mkubwa wa familia. Kwa barua yako sioni kama umefika huko. Ulichofanya na minervali ni hatua moja ya kuelekea huko, na kukopa Lambert ingekuwa ya pili.

Ka kampani ndo utaikosa, na naelewa, Jumamosi bila wale watu sita ni ndefu, waite kwako siku ya mchana mle bukari (ugali), muangalie mupira, bila karata. Usiende kwa rafiki yule hata kwa kisingizio cha kuwagawia tu wengine karata. Saa tano usiku mtu mmoja atasimama kwenda kujibu simu, kiti kitakuwa wazi, na wataanza kukuambia ukae migao miwili tu mpaka arudi.